Serikali Haina Dini. Je, Kalenda Yake?

Mada iliyotolewa kwenye kongamano la vijana wa chama, kata ya Kikwe, Arumeru Mashariki

Makamanda, nguvu ya umma!

Wazee wetu mliokaa pale kivulini, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo vipi.

Mmeona nimesalimia hivyo tu. MC alinikonyeza nianze na "Bwana Yesu asifiwe", nifuate na "Tumsifu Yesu Kristo", nimalizie na "Asalaam aleikum", kama tulivyozoea kwenye mikutano yetu. Desturi hiyo siichukii hata kidogo. Ni namna yetu ya kuambiana kwamba hakuna aliyesahaulika. Lakini hebu tuhesabu. Mlutheri na Mlokole wameitikia. Mkatoliki ameitikia. Mwislamu ameitikia. Sasa babu wa Kimaasai anayemwomba Engai na hajawahi kukanyaga kanisani wala msikitini, yeye anaitikia ipi? Mhindu mwenye duka mjini Arusha? Na yule asiye na dini kabisa, ambaye yupo hapa hapa na nikimtaja atanuna? Salamu tatu zinawatosha watu wengi sana, ila haziwatoshi wote. Sikukuu za nchi yetu nazo ziko hivyo hivyo.

Mada hii imetokana na ubishi wa kikao cha mwezi uliopita. Mwenzetu mmoja alisimama akasema: kama serikali haina dini, basi sikukuu za dini zifutwe zote kwenye kalenda ya serikali, kila mtu asherehekee kwake kimya kimya. Mwingine akajibu kwamba huyo anataka kutuletea laana. Kelele zikawa nyingi, kikao kikaisha bila muafaka, nikaambiwa: wewe si unasoma sheria, njoo na jibu. Nimekuja nalo. Wote wawili hawatalipenda lote, lakini naomba mnisikilize hadi mwisho.

Tuanze na sheria ilivyo, tusibishane hewani.

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na inaweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na dini imetajwa humo kwa jina. Mwalimu Nyerere alilifundisha taifa hili jambo hilo kwa maneno mepesi: serikali haina dini, ila watu wake wanazo.

Sasa njoo kwenye Sheria ya Sikukuu, Sura ya 35. Ukiacha Jumapili ya Pasaka yenyewe, ambayo ni mapumziko hata hivyo, tuna siku 17 za mapumziko ya kitaifa kwa mwaka. Tisa si za dini: Mwaka Mpya, Mapinduzi ya Zanzibar, Karume, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Nyerere na Uhuru. Nane ni za dini. Wakristo wana nne: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na tarehe 26 Desemba. Waislamu wana nne: Idi el Fitri siku mbili, Idi el Haji siku moja na Maulidi.

Nne kwa nne. Hiyo ndiyo maana ya usawa kwa Kitanzania, mizani imetulia katikati. Na tukumbuke kwamba hatuna hata takwimu za kubishania. Sensa ya mwisho kuuliza watu dini zao ilikuwa ya mwaka 1967. Tangu hapo, kila anayesema "sisi ndio wengi" anakisia. Nchi ikaamua kutohesabu vichwa, ikagawa sawa. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara. Majirani zetu wengi hawana mizani ya namna hiyo.

Kwa hiyo kwa ndugu yangu aliyesema zifutwe zote, jibu langu la kwanza ni hapana, na nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza: kufuta hakuleti usawa. Ukifuta Idi na Krismasi, tajiri hapotezi kitu, ataomba likizo yake na kwenda Moshi au Tanga kama kawaida. Anayepoteza ni kibarua. Leo kibarua akisema "kesho ni Idi, siji", sheria iko upande wake. Kesho ukiifuta, itabidi apige magoti kwa bosi. Siku ya mapumziko iliyoandikwa kwenye sheria ni ngao ya mtu asiye na nguvu. Chama cha wanyonge hakiwezi kuivunja ngao hiyo kwa jina la nadharia nzuri.

Sababu ya pili: waliojaribu wameonesha kwamba jina halibadilishi moyo. Uruguay, kule Amerika Kusini, tangu mwaka 1919 Krismasi kwenye sheria inaitwa Siku ya Familia, na Juma Kuu linaitwa Wiki ya Utalii. Afrika Kusini, tarehe 26 Desemba inaitwa Siku ya Nia Njema, na Jumatatu ya Pasaka inaitwa Siku ya Familia, lakini Ijumaa Kuu na Krismasi zimebaki na majina yake. Ufaransa inayojisifu kwa kutenganisha dini na serikali bado inafunga ofisi siku ya Kupaa kwa Yesu. Tume iliyoundwa kule mwaka 2003 ilipopendekeza shule zipumzike pia sikukuu moja ya Wayahudi na moja ya Waislamu, pendekezo halikupita. Yaani unaweza kujiita huna dini huku kalenda yako ni ya kanisa. Sisi, kwa nne zetu kwa nne, tumewapita.

Lakini sasa nageuka kwa upande wa pili, kwa wale waliopiga makofi sana hapo nilipowasifu wazee wetu.

Mizani ya nne kwa nne ina watu wasiokuwemo. Na watu hao tunaishi nao hapa.

Chukueni Wasabato. Ukanda huu wanao wengi, hata Chuo Kikuu cha Arusha hapo Usa River ni chao. Mkristo wa Kisabato ukimuuliza siku anayoihitaji kuliko zote atakwambia Jumamosi, tangu jua linapozama Ijumaa. Ijumaa Kuu ya serikali haimsaidii. Jumamosi yake ni siku ambayo kwingine mtihani umepangwa, zamu imepangwa, usaili wa kazi umepangwa. Nina rafiki ambaye katika chuo kimoja, sikitaji, alipewa sifuri ya jaribio kwa sababu lilifanyika Jumamosi asubuhi. Alikuwa ameandika barua wiki tatu kabla. Jibu alilopewa lilikuwa la mdomo: "Chagua, Mungu au digrii." Jamani, swali gani hilo la kumuuliza Mtanzania ndani ya nchi yenye ibara ya 19?

Mahakama za jirani zetu zimelijibu swali hilo, na zimetofautiana. Uganda, wanafunzi Wasabato wakiongozwa na Sharon Dimanche walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kupanga masomo na mitihani siku ya Sabato. Walishindwa Mahakama ya Katiba, na mwaka 2006 wakashindwa Mahakama ya Juu. Moja ya hoja ilikuwa kwamba chuo ni cha watu wa imani zote na hakuna aliyewalazimisha kusoma pale. Kenya, Kanisa la Waadventista lilimshtaki Waziri wa Elimu kwa sababu ya ratiba za Jumamosi katika shule za umma. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba sheria inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumbagua mtu ikiwa mzigo wake unamwangukia yeye tu, na kwamba shule ina wajibu wa kumtafutia nafasi.

Mimi nasimama na Kenya. Hoja ya "hakuna aliyekulazimisha" ni hoja ya mwenye nyumba. Chuo cha umma kimejengwa kwa kodi ya Msabato pia.

Na msidhani ni Wasabato peke yao. Diwali haimo kwenye orodha yetu. Kenya walipata njia: sheria yao ya sikukuu inaitaja Diwali kuwa mapumziko kwa waumini wa Kihindu, wengine wanaendelea na kazi. Hata ndani ya dini zenye nne zao, serikali imewachagulia. Kuna Waislamu wasioadhimisha Maulidi kabisa. Kuna wanaofuata mwezi ulioandamwa Makka, wakaswali Idi siku moja kabla ya tangazo la Bakwata. Siku ya Idi yao, ofisi imewaandikia wako kazini, na siku ya Idi ya serikali wao wameshamaliza pilau. Kuna Wakristo wasioadhimisha Krismasi. Na wale wanaofuata mila za wazee, ambao ibada yao haina tarehe kwenye kalenda ya ukutani, hawakuulizwa chochote tangu enzi za mkoloni.

Hapo mtaniambia: dada, huwezi kumpa kila mtu sikukuu, tutafanya kazi lini? Swali zuri. Ndiyo maana sikuja kuomba siku ya 18. Nimekuja na siku ambayo tayari ipo.

Naizungumzia Saba Saba.

Tuambiane ukweli. Tarehe 7 Julai ni sikukuu kwa sababu tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU. Ilikuwa sikukuu ya chama, wakati chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Siku ikabaki, ikavalishwa koti jipya la maonyesho ya biashara. Maonyesho yenyewe yanafanyika Dar es Salaam, Barabara ya Kilwa, na yanachukua karibu wiki mbili. Hayahitaji mwalimu wa Kikwe asifundishe siku moja ili yafanyike. Nane Nane ningeielewa, mkulima wa nyanya na vitunguu wa hapa angalau anafika viwanja vya Themi, Njiro, akaona mbegu na pampu. Lakini hebu anayewahi kwenda Saba Saba kutokea kata hii anyooshe mkono. Naona mikono miwili. Na mmoja alikwenda kuuza.

Tulipokuwa tunabishana kama kalenda inapendelea Wakristo au Waislamu, hatukuuliza kama inapendelea chama. Kalenda ya taifa haitakiwi kuwa na dini, sawa. Haitakiwi kuwa na kadi ya chama pia.

Najua itasemwa kwamba wapinzani wanataka kufuta historia. Hakuna anayefuta. TANU ilileta uhuru, na uhuru una siku yake, tarehe 9 Desemba. Mwalimu ana siku yake, tarehe 14 Oktoba. Hizo zibaki, ni za wote.

Pendekezo langu ni hili. Tarehe 7 Julai iwe siku ya kazi. Badala yake, sheria impe kila mfanyakazi na kila mwanafunzi siku moja ya imani kwa mwaka, yenye malipo, aitumie siku anayotaka yeye, kwa taarifa ya wiki mbili. Mhindu aitumie Diwali. Anayefuata mwezi wa Makka aitumie Idi yake. Mzee wa mila aitumie siku ya kutambika. Asiye na dini aitumie kumbukumbu ya kifo cha mama yake, au alale, ni yake. Na asiulizwe aithibitishe, kwa sababu siku bosi akianza kukagua imani za watu tumeharibu kila kitu. Hesabu ya siku inabaki 17. Jambo hili si ndoto. India, wafanyakazi wa serikali kuu, pamoja na sikukuu za wote, wanachagua siku mbili kila mwaka kutoka kwenye orodha ndefu ya sikukuu za dini mbalimbali. Nchi ya watu zaidi ya bilioni moja imeweza.

Siku moja haimtoshi Msabato, Jumamosi ni 52. Kwake tunadai kitu kingine: mtihani, usaili na zoezi lolote la lazima la umma likiangukia siku ya ibada ya mtu, apewe muda mwingine bila adhabu. Ijumaa mchana iingie humo, Jumamosi iingie, Jumapili iingie. Na msiambiwe haiwezekani. Uchaguzi mkuu wa 2010 na wa 2015 ulifanyika Jumapili. Wa 2020 ukapelekwa Jumatano, wa 2025 Jumatano, na siku hizo zikatangazwa kuwa mapumziko. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 vivyo hivyo. Kuhusu uchaguzi wenyewe ulivyoendeshwa mnajua msimamo wetu, leo siuingii. Nasema tu kwamba serikali ikitaka kuhamisha siku, inahamisha. Kwa hiyo isituambie kwamba jaribio la wanafunzi 40 halihamishiki.

Nimebakiza jambo moja, na kwa vijana wa hapa ndilo la karibu zaidi.

Sikukuu kwenye karatasi ni ya wote. Kwenye maisha, ni ya mwenye ajira ya ofisini. Nani anapumzika Krismasi hapa? Mlinzi yuko getini. Dada wa kazi ndiyo kwanza ana wageni 15 wa kuwapikia. Bodaboda yuko barabarani, na nyie wenyewe mnampigia simu. Kaka na dada zetu wa mashamba ya maua wanafuata kalenda nyingine kabisa, ya wapendanao wa Ulaya. Mwezi Februari ukikaribia, waridi halingoji Maulidi wala Ijumaa.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25: ukifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, mwajiri anakulipa mara mbili ya mshahara wako wa msingi kwa kila saa uliyofanya. Haijalishi sikukuu ni ya dini gani na wewe ni wa dini gani. Mkristo aliyefanya kazi Idi analipwa mara mbili. Mwislamu aliyefanya kazi Ijumaa Kuu analipwa mara mbili. Hapo sheria yetu haina upendeleo kabisa, na hapo ndipo inavunjwa kila siku. Niwaulize, kimya kimya, msinyooshe mkono: ni wangapi mlifanya kazi sikukuu iliyopita na mkalipwa mara mbili? Ni wangapi mlijua mnastahili?

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo kinakataza kubaguliwa kazini kwa sababu ya dini. Ukikosa haki yako, mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, Arusha mjini ipo. Andika tarehe ulizofanya kazi. Tunza ratiba ya zamu, piga picha kwa simu. Usisubiri ufukuzwe ndipo uanze kutafuta ushahidi.

Kwa hiyo ndugu zangu, nikiulizwa kama sikukuu za taifa zisiwe na dini, nitajibu hivi: ziwe na dini za watu, mradi serikali haina yake, na mradi hakuna mtu anayelipia sikukuu ya mwenzake kwa mshahara wake, alama zake za mtihani au kura yake. Idi ya jirani hainipunguzii kitu. Sahani ya pilau inavuka uzio kuja kwetu, na Desemba nyama ya mbuzi inavuka kurudi kwao. Hilo hatukufundishwa na serikali, na tusiiruhusu iliharibu. Kazi ya serikali ni kuhakikisha yule ambaye hayumo kwenye salamu zetu tatu naye ana siku.

Naomba kikao cha leo kipitishe mambo matatu, yaende wilayani na mkoani kama maoni ya vijana wa Kikwe.

Moja: sikukuu nane za dini zibaki kama zilivyo, zisiguswe.

Mbili: tarehe 7 Julai ibadilishwe iwe siku ya imani ya hiari kwa kila mtu, na ratiba za umma ziheshimu siku za ibada.

Tatu: chama kianzishe dawati hapa hapa kwenye kata, la kuwasaidia vijana kudai malipo ya mara mbili. Hili la tatu halihitaji Bunge wala Katiba mpya. Mimi na wenzangu wawili wa sheria tutakaa hapo Jumapili mchana wakati wa likizo. Na kwa wenzetu wenye ibada Jumapili mchana, tutakaa Jumatano jioni pia.

Maswali nayapokea, hata ya yule aliyesema nitaleta laana. Nguvu ya umma!